Futi na Chuo Alichokiandika cha Tatu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika leo: mimi ndiye kaka mkubwa wa marehemu, na nimepewa jukumu la kuwasomea habari za maisha yake. Nimeziandika mwenyewe. Sehemu nyingine hazinipendezi, lakini ndivyo zilivyokuwa.

Shughuli yangu ya kwanza na marehemu ilikuwa Jumatatu tarehe 10 Januari 1977, na nilipata hasara. Nilikuwa na kibanda cha vitambaa, na yeye alikuwa mtoto wa miaka minane aliyeletwa kwangu siku iliyotangulia, baba akiwa amefariki na mama akiwa hajiwezi. Nilimkalisha juu ya kigoda nyuma ya meza na kumwambia asiguse kitu. Akaja fundi cherehani kununua mita tano. Enzi hizo nilikuwa na mtindo wangu wa kupima: unakivuta kitambaa kikakaza juu ya rula, unakata haraka, unakunja kabla hakijarudi. Nilikuwa tayari nakunja.

“Kaka, hiyo haijafika tano,” akasema yule mtoto. “Ukikiachia kinarudi.”

“Nani kakuuliza wewe?”

Fundi akakiachia kitambaa, akakilaza, akakipima. Zilipungua inchi nne. Akacheka mpaka akashika meza. “Bwana mkubwa, umeleta nyumbani futi yenye miguu!” Tangu siku hiyo sokoni aliitwa Futi, na mimi nikaanza kupima vizuri, si kwa kupenda.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa mwisho kati ya watatu. Shule ya msingi alimalizia kwangu, na mwaka 1983 akaingia sekondari ya wasichana. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipima kila kitu. Alijua ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi bombani. Nilipotaka kununua kiwanja ninachokaa hadi leo, alikuja na kamba yenye mafundo, akazunguka nayo, na kumwambia muuzaji kwa heshima zote kwamba upande wa nyuma ulikuwa mfupi kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi. Muuzaji alishusha bei pale pale. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Hapo ndipo aliponiambia kwamba anataka kusomea upimaji ardhi. Kulikuwa na chuo kimoja tu cha kazi hiyo, mwendo wa siku nzima kwa basi, na hakujawahi kutajwa chuo kingine nyumbani kwangu.

Oktoba 1986 alileta fomu ya kuchagua vyuo. Ilikuwa na nafasi tatu: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Mlezi anatia saini chini. Alishika kalamu aandike chuo cha upimaji juu kabisa. Mimi nikamzuia mkono.

Nawaomba mnisikilize vizuri hapa, maana kosa hili lisingefanywa na mtu mwingine. Lingefanywa na mfanyabiashara tu. Maisha yangu yote nimekula kwa kanuni moja: usimwonyeshe mwenye mali unachokitaka. Unaingia dukani, unashika kitu usichokihitaji, unakigeuza geuza, na kile ulichokifuata unakiuliza mwishoni, mgongo ukiwa tayari umeelekea mlangoni. Basi nikamwambia, “Ukikiweka cha kwanza, watajua wamekukamata. Watakuringia. Kiweke cha tatu, kama hujali. Watakufuata wenyewe.”

“Kaka, chuo ni duka?”

“Kila kitu ni duka. Lini nimewahi kuibiwa mimi?”

Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma. Akaandika cha kwanza chuo cha utunzaji wa kumbukumbu, kilichokuwa mitaa miwili kutoka kwetu na ambacho hakukitaka hata kwa dawa. Cha pili ualimu. Cha tatu upimaji. Nikatia saini, kisha nikaenda kumsimulia yule fundi cherehani, naye akawasimulia wenzake, na mstari mzima wa vibanda ukajua jinsi nilivyowatega watu wa vyuo. Walinipigia makofi. Kwa siku nne nilitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumanne tarehe 21 mwalimu wake wa hisabati alikuja kibandani. Mama huyu yuko hapa, amekaa safu ya pili, wakati ule alikuwa msichana tu aliyeanza kazi juzi. Hakukaa.

“Baba mlezi, yule mtoto amekosea mpangilio. Chuo cha upimaji kinasoma waliokiweka cha kwanza, basi. Wengine hawasomwi.”

“Hajakosea. Tumepanga.”

“Mmepanga nini sasa?”

“Mwalimu, wewe fundisha hesabu. Haya mengine tuachie sisi.”

Akatoa karatasi mkobani. “Shule imefungwa, ndiyo maana nimekuja kwako. Fomu mpya hii hapa, inataka saini yako na ya kwake. Mwisho Ijumaa saa kumi. Tafadhali, mwambie.”

Akaiacha juu ya mabunda ya vitambaa. Jumatano nilikwenda posta nikamuuliza karani mmoja ambaye mwanawe alikuwa chuo kile. Alinithibitishia kila neno. Kwa hiyo asije mtu akanisaidia leo kwa kusema sikujua. Nilijua tangu Jumatano, saa tano asubuhi. Futi alikuwa nyumbani akifua, dakika kumi kwa miguu. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili: “Nilikosea, tubadilishe.” Nikafikiria yale makofi ya sokoni. Nikafikiria huyu mtoto aliyewahi kunisahihisha mbele ya mteja, anisahihishe tena. Ile fomu nikaifanya karatasi ya kufungia vifungo vya shati alivyonunua mteja.

Wapo watakaosema nilitaka abaki karibu anisaidie dukani. Laiti ingekuwa hivyo, kidogo ingekuwa na maana. Nilitaka apate alichokitaka. Ila nilitaka kipatikane kwa ujanja wangu, na ujanja uliposhindwa, nikauchagua ujanja.

Majibu yalitoka Februari. Alichukuliwa na chaguo la kwanza. Alisoma barua mara mbili, akaikunja, akasema, “Hawajanifuata, kaka.” Nikamwambia watu wa vyuo hawaeleweki. Mwalimu alikuwa amehamishiwa shule nyingine, na habari ikaishia hapo. Ndivyo nilivyofikiri.

Alisoma chuo cha kumbukumbu kwa miaka miwili, akamaliza mwaka 1989, na Machi 1990 akaajiriwa ofisi ya ardhi, masjala ya ramani, alikofanya kazi miaka thelathini na miwili. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, dirisha moja, makabati ya droo pana hadi darini. Walioleta ramani walikuwa wapimaji waliotoka kwenye chuo kile kile. Yeye alizipokea, akazipa namba, akazilaza kwenye droo. Na kabla ya kuzilaza alizikagua kwa rula yake mwenyewe. Wengi waliomo humu wanajua jinsi alivyokuwa akimwita mpimaji arudi: “Mwanangu, mpaka wako wa mashariki umeingia mtoni. Hawa watu watajenga na boti?” Walimwogopa na kumpenda. Cheo hakikupanda, kwa sababu hakuwa na cheti cha kazi aliyokuwa akiifanya.

Mume wake alimpata kwenye dirisha hilo hilo. Fundi umeme huyu alifuata ramani ya kupitishia nguzo, naye akamwonyesha kwamba nguzo ya saba ingesimama katikati ya jiko la mtu. Fundi alishukuru. Wiki iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena. Mara ya nne alipoulizwa anataka ramani ipi alisema yoyote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Desemba 1994 na kujaliwa mtoto wa kiume, na baada ya miaka mingi ya kungoja, binti, aliyezaliwa 2006.

Marehemu alianza kuugua figo mwishoni mwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata akaacha kazi. Aliuguzwa na mumewe kwa uvumilivu ambao mimi sina. Mei mwaka huu nilikaa naye mchana mmoja wodini. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa ameshahesabu vigae vya dari.

“Kaka,” akasema, “yule mwalimu wangu wa hisabati aliwahi kuja kibandani?”

“Mwalimu gani?”

Akacheka kwa taabu. “Wewe ukiulizwa jambo unalolijua, unajibu kwa swali. Miaka yote hujabadilika. Alikuja masjala mwaka 2009, anatafuta ramani ya kiwanja chake. Akaniuliza kwa nini sikuisaini ile fomu.”

Miaka kumi na mitano alikuwa anajua. Katika miaka hiyo alikula kwangu kila sikukuu, alinipimia mapazia, alinitania mbele ya wanawe. Nilifungua mdomo, na hata hapo kilichokuja kwanza kilikuwa kisingizio. Akainua mkono.

“Sitaki maelezo. Nataka kitu kimoja. Binti yangu anajaza fomu mwezi wa saba. Usimshauri.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Maisha yangu yote sijawahi kukubali bei ya kwanza. Ile niliikubali.

Dada yetu alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Juzi binti yake alinifuata uani. “Mjomba, mama alisema nisikuulize kuhusu vyuo. Aligoma kuniambia kwa nini.” Sikumjibu. Mpwa wangu, jibu lako ndilo hili nililosoma mbele ya watu, na mwalimu yupo, atanisahihisha nikipunguza. Saini ni ya baba yako. Mimi sitaiona fomu yako mpaka ipokelewe.

Hesabu yetu mimi na marehemu ni fupi. Mimi nilipata makofi ya siku nne, na wote waliopiga wameshasahau. Yeye alipoteza chuo alichokitaka tangu siku ya kamba yenye mafundo, akatumia miaka thelathini na miwili kulaza kwenye droo kazi za watu waliosoma alikotaka kusoma. Kwangu alipata ahadi moja tu, tena siku za mwisho. Nimeitunza mpaka leo, na sidai sifa, maana haijanigharimu kitu.

Marehemu ameacha mume, fundi umeme. Mtoto wa kiume na mkewe. Binti yake, mwanafunzi. Dada yake mkubwa. Na mimi, kaka yake. Ameacha pia droo za masjala, zote zikiwa na namba kwa mwandiko wake.

Dada, pumzika, umechoka. Na amani upewe kamili, kama kitambaa kilicholazwa, bila kuvutwa, bila kupungua hata inchi.