Truphena Anyait na Kano za Watu wa Mpakani

Tarehe 30 Juni, Bi. Truphena Anyait anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na mitatu katika hospitali yetu hapa Malaba. Kumi na minane kati ya hiyo ameiongoza idara ya altrasaundi, na wengi wetu tumejifunza kazi tukiwa tumesimama nyuma ya kiti chake.

Mama, kama tunavyomwita, alianza akiwa karani wa kuandikisha wagonjwa, kisha akarudi chuoni kusomea altrasaundi akiwa na watoto wawili. Siku hizo altrasaundi ilikuwa ya wajawazito tu. Yeye akaanza kuvipima nayo vifundo vya mikono ya wasusi, washonaji na wabeba mizigo, akitafuta kano zilizofura, zile nyuzi zinazounganisha msuli na mfupa. Dereva mmoja wa lori alikataa katakata kupanga foleni na akina mama.

"Boss, keti," Mama akamwambia. "Leo natafuta kano, sitafuti mtoto."

Foleni nzima ilicheka. Dereva akaketi.

Ila siku tunayoisimulia zaidi ni ya Vivian Nerima, msusi wa Burumba. Kifundo kilikuwa kimemuuma miezi minne, upande wa kidole gumba. Eksirei haikuonyesha kitu, na nyumbani walishaanza kusema anakwepa kazi. Daktari Odeke alikuwa na sindano mkononi, ile ya kupunguza uvimbe, Mama alipoomba dakika tano. Alimpaka Vivian jeli, akamwambia asogeze gumba polepole, akalinganisha na mkono wa pili.

"Daktari, ngoja kwanza. Hii si kufura tu. Kano imechanika nusu."

Daktari hakufurahi, wagonjwa walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Mama hakubishana. Alimgeuzia skrini, akamwomba Vivian asogeze gumba tena. Daktari alitazama, akairudisha sindano kwenye trei. Dawa ile ingeweza kuikata kano kabisa.

Vivian alifanyiwa upasuaji, kano ikashonwa, na leo anasuka kama zamani. Siku ile alilia kwa furaha kabla hata ya kutibiwa: "Sasa wataamini nilikuwa mgonjwa!" Daktari Odeke naye, tangu hapo, hachomi kifundo chochote kabla ya kuuliza, "Mama amesema nini?"

Hatutazikosa kelele zake kwa anayeacha chupa ya jeli wazi. Tutamkosa yeye.

Asante, Mama. Kalime njugu zako huko nyumbani Chakol kwa amani, lala mchana bila kuitwa, na Mungu akuzidishie miaka ya kucheka na wajukuu.