Karatasi Niliyokataa Kuisoma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asiyetaka kumsifu leo kwa sababu ni mimi ninayeshuhudia, basi akae kimya asikilize.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Eseri, binti wa yule mzee wa reli, wa pale landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli za Nakuru. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, mwaka wa pili, na niliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya chuo. Tulikuwa tukisoma solfa, zile do-re-mi za kuimbia, ubaoni kila jioni, na Jumapili tukipakiwa nyuma ya lori la mbao, tukizunguka makanisa kutoka Njoro mpaka Elburgon, pasi zetu za kusafiria mkononi kwa ajili ya askari, maana ilikuwa ile Hali ya Hatari ya wakoloni. Tulishuka na vumbi la mbao kwenye nywele na tukaimba hivyo hivyo. Nilijivuna sana. Nasema wazi, nilipenda kusifiwa kuliko kuomba. Hiyo ni dhambi yangu, nimeitubu.

Ya pili nimeitubu pia. Zakaria aliimba besi. Tulipendana, tukaanguka, sisi wawili, siku moja na mahali pamoja. Mimba ikaonekana kwangu. Kwake ingeonekana wapi?

Ndugu zangu, angalieni haki ya wanadamu! Mimi nilifukuzwa chuo, nikafunga sanduku langu siku hiyo hiyo. Zakaria aliitwa ofisini, akaambiwa ajihadhari, na jioni akaenda mazoezi ya kwaya. Kanisani nikatengwa: nisikaribie meza ya Bwana, nisiimbe, nikae benchi la nyuma kabisa. Eseri alipozaliwa, wazee wa kanisa wakasema hatabatizwa mpaka mama yake aungame mbele ya watu. Nikasema sawa, nitaungama. Ndipo wakaniletea karatasi wameshaiandika wenyewe. Ilisema, "Mimi ndiye niliyemshawishi kijana wa watu."

Kijana wa watu! Na mimi ni wa nani, wa mbwa?

Lakini nilikuwa naogopa, sitawadanganya. Eseri alishikwa na kifua, usiku na mchana anakohoa kikohozi cha mtu mzima, na mama yangu akalia kwamba mtoto atakufa bila ubatizo. Akanisihi, "Soma tu, mwanangu. Ni maneno ya dakika moja." Basi nikajifunza uongo ule kama nilivyojifunza solfa, mpaka nikaweza kuusema bila kuangalia.

Jumapili ya kuungama ikafika, na wageni wetu siku hiyo ni nani? Kwaya ya chuo! Zakaria alikuwa mstari wa nyuma, kanzu nyeupe, ametulia kama malaika. Nikamfunga Eseri mgongoni, nikaenda mbele. Nikafungua karatasi na nikaomba moyoni, wala hayakuwa maombi mazuri: "Bwana, nikiisoma hii nitakuwa nimekudanganya Wewe, na mtoto wangu yuko mgongoni anasikia. Nishike."

Akanishika, ndugu zangu! Sikusikia sauti, sikuona mwanga. Nilijikuta tu naikunja ile karatasi.

Nikasema, "Nilianguka na Zakaria, yule pale kwenye kwaya. Mimi nimetubu. Yeye..."

Sikumaliza. Mnajua desturi yetu: mtu akizidisha ushuhuda, mwingine huanzisha wimbo, kanisa likaitikia, naye akarudi kuketi kwa heshima. Mwalimu wa kwaya akainua mikono, na kwaya ikalipuka kwa sauti zote nne ili nirudi benchi langu.

Nikaimba nao! Wimbo wenyewe nilikuwa nimeuimba miaka miwili. Sauti ya kwanza, beti zote nne, pale pale niliposimama. Ulipokwisha nikasema, "Amina. Nilikuwa nasema, yeye..." Wakaanzisha wa pili. Nikauimba huo pia. Mzee mmoja wa kanisa akanijia, akaninong'oneza, "Keti, binti, unatuaibisha."

Nikamwambia, "Ngoja tumalize ubeti, mzee, nitakuonyesha anayetuaibisha." Akina mama wa viti vya mbele wakacheka, tena kanisani.

Katika wimbo wa tatu, wasichana wa sauti ya pili wakafunga vinywa. Kisha wa sauti ya kwanza. Mwalimu akawapungia mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Wapi! Wavulana wa sauti ya tatu nao wakanyamaza, na ikabaki besi peke yake, inanguruma, hakuna anayejua inaimba nini. Kati ya besi hao Zakaria alikuwa wa kwanza kunyamaza, na wengine wakamfuata.

Nikamalizia neno langu. "Yeye naye aje atubu hapa, kwa maana mtoto ni wetu wawili."

Hakuja. Alitazama viatu vyake. Leo anafundisha Elburgon, na mimi chuo hakijanirudisha. Wala sisemi nimekwisha kumsamehe. Hapo Bwana bado ana kazi na mimi. Lakini siku ile mchungaji alinijia, akaichukua ile karatasi, akaisoma mwenyewe, nadhani kwa mara ya kwanza, akaitia mfukoni. Jumapili ya tatu baadaye alimbatiza Eseri, na mimi sikutamka hata neno moja la uongo. Kifua kilipona kwa dawa ya dispensari na kwa maombi, nami nashukuru kwa vyote viwili.

Namshukuru Yesu aliyenitoa katika utumwa wa macho ya watu. Asante, Bwana! Na wewe, dada, unayekaririshwa maneno yasiyo yako, mtegemee Yeye. Mpelekee dhambi yako yote, usipunguze kitu. Ya mwenzako mwachie aibebe mwenyewe. Na wakikuimbia ili usisikike, imba nao mpaka wachoke, halafu umalize.