Mama Sauti, Aliyewasemea Waigizaji wa Asia

Marehemu, ambaye wengi mliofika hapa mlimjua kwa jina la Mama Sauti, na wengine mlimjua kwa sauti tu bila kuwahi kuuona uso wake, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 katika nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha viberiti. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mpiga chapa na mshona magauni. Dada yake mkubwa, aliyemtangulia kwa miaka minne, ndiye aliyembeba mgongoni, na anasema mtoto huyo alianza kuiga watu kabla ya kujua kusema. Alimwiga jirani mwenye kikohozi mpaka jirani akaja kulalamika.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na kituo cha zimamoto, kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana mpaka kidato cha nne, mwaka 1975. Hesabu zilimpiga chenga. Kwa kusoma kwa sauti, hakuna aliyemfikia. Siku moja mwalimu mkuu alijisikia mwenyewe akitoa tangazo bwaloni, ilhali alikuwa ofisini anakunywa chai. Msichana alipewa adhabu ya kufagia bwalo wiki nzima, naye akalifagia huku akijipa amri kwa sauti ya mwalimu huyo huyo.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kukata tiketi katika jumba la sinema la mjini, lile lenye ngazi za marumaru na viti vyekundu vilivyotoboka. Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi na za Kichina, na watu walifuata nyimbo na mapigano, yaliyobaki wakiyakisia. Mchana mmoja wa mwaka 1979 bibi mmoja wa safu ya nyuma aliuliza, "Sasa huyu analia nini?" Mkata tiketi akamjibu. Akaendelea kumjibu. Baada ya nusu saa safu tatu zilikuwa zimegeuza shingo kumsikiliza yeye. Wiki iliyofuata meneja alimpa kipaza sauti.

Tamasha la filamu za Asia lilipoanzishwa mjini mwaka 1994, yeye ndiye aliyekuwa mfasiri wake wa kwanza, na kwa miaka thelathini hakukosa hata moja. Filamu zililetwa kutoka India, Hong Kong, Korea na Japani. Kihindi alikielewa kwa kukisikia kila siku. Lugha nyingine hakujua hata salamu. Kamati ilimpa karatasi za mazungumzo yaliyokwisha kutafsiriwa, naye aliitazama kila filamu mara tatu, mara ya kwanza akiwa amezima sauti kabisa, akiandika daftarini nani anavuta pumzi kabla ya nani. "Maneno yapo kwenye karatasi," alikuwa akisema. "Mimi natafuta pumzi. Mtu akivuta pumzi, naingia." Aliwasemea wote peke yake: shujaa, bibi harusi, mama mkwe, jambazi, na farasi ikibidi.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1981 na fundi wa mashine ya kuonyeshea filamu, ambaye sote tunamwita Fundi hadi leo. Fundi anasema ilimchukua mwaka mzima kujua sauti ipi kati ya zote ilikuwa ya mke wake mwenyewe. Walijaliwa binti mwaka 1983 na kijana mwaka 1987. Mwaka 1998, katikati ya tamasha, Fundi alikosea akaweka mkanda wa tano kabla ya wa nne. Shujaa aliyezikwa mbele ya macho ya watu mia sita akaonekana tena, mzima, anacheza harusini. Ukumbi ukanguruma. Mama Sauti hakusita hata kidogo. "Jamani, msishangae," shujaa akasema kwa kinywa chake, "yule mliyemzika ni pacha wangu." Watu wakapiga makofi, na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba filamu hiyo ilikuwa na mapacha. Walipofika nyumbani alimwambia mumewe, "Leo nimekuzalia mtoto wa tatu bila uchungu."

Mwezi Septemba 2022 sauti ilianza kukwaruza. Hapa ndipo familia ilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa kumsifu. Majambazi wake siku zote walikuwa wepesi, kama vijana wanaojifanya watu wazima. Sasa wakatisha kweli. Wajumbe wa kamati walisema Mama Sauti amekomaa. Binti yake, ambaye ni katibu wa kamati ya tamasha, na ndiye anayewasomea hapa, aliandika kwenye tangazo la mwaka uliofuata: "Njooni msikie jambazi mpya wa Mama Sauti." Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mbona hata chumvi anaiomba kijambazi.

Tarehe 14 Februari 2023 binti alimpeleka hospitali. Uvimbe ulikuwa kooni, juu ya nyuzi za sauti. Daktari alisema ni lazima uondolewe, na sauti itaondoka nao. Ratiba mliyoshika mkononi inasema kwamba "familia ilishauriwa kusubiri." Sentensi hiyo si ya kweli. Ilikatwa jana katika nakala hii, na yanayofuata yaliandikwa pembeni kwa kalamu.

Daktari aliandika kwamba upasuaji ufanyike ndani ya wiki mbili. Wakiwa kwenye benchi nje ya chumba cha picha, Mama Sauti aliikunja ile barua akamrudishia binti yake.

"Tamasha ni lini?" aliuliza.

"Tarehe ishirini na nne Machi, mama. Si unajua."

"Basi nyumbani sema daktari kasema baada ya tamasha."

"Siwezi kumdanganya baba."

"Mimi nimewasemea watu miaka yote hii. Na wewe nisemee mara moja tu."

Binti alisema. Alisema mezani, mbele ya baba yake na mdogo wake, kisha akasema tena kwa simu, kwa mama yake mkubwa. Wala haikuwa kwa ajili ya kumtii mama peke yake. Mabango ya tamasha yalikuwa yamekwisha kubandikwa, jina la mama likiwa juu kabisa, na mfasiri mwingine hakuwepo. Hilo la mabango linamwaibisha kuliko uongo wenyewe, na anaomba msamaha wenu wote.

Katika siku kumi za tamasha hilo Mama Sauti alifasiri filamu kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa ya Kikorea, ya jambazi mzee anayeagana na bintiye kwenye dirisha la gereza. Wanaume wazima walilia bila kujificha. Alipozima kipaza sauti, hakuweza kuomba maji. Alipasuliwa tarehe 11 Aprili, siku hamsini na sita baada ya barua, na uvimbe ulikuwa umekwisha kuenea hadi chini ya koo. "Sisemi mngewahi angepona," daktari alituambia. "Nasema hatutajua." Aliishi mwaka mmoja na nusu akizungumza nasi kwa kuandika, mwandiko mbaya, vichekesho vizuri. Alifariki tarehe 3 Novemba 2024, saa nne asubuhi, kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Tangu upasuaji ule, dada mkubwa wa marehemu, akiamini kwamba Fundi ndiye aliyekubali kusubiri, hakumsemesha. Siku ya kwanza ya msiba ndipo alipovunja ukimya, sebuleni, mbele ya majirani.

"Shemeji, ulimwacha mdogo wangu afe ili watu wapate burudani."

"Ndiyo, dada," Fundi akajibu, asiongeze neno.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, naye pia hakuongeza neno. Alilirudisha sinia jikoni, akaosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Siku tatu nzima alimwacha baba yake abebe mzigo usio wake, na wasifu ukapelekwa kwa mpiga chapa ukiwa na uongo ule ule ndani.

Jana mchana alimsomea Fundi haya yote, ili asiyasikie hapa makaburini kwa mara ya kwanza. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akifuta miwani yake kwa ncha ya shati.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, baba?"

"Zile wiki mbili. Barua ilikuwa kwenye mkoba wako. Nilikuwa natafuta funguo."

"Mbona hukusema?"

Fundi alivaa miwani kwanza.

"Nilitaka kumsikia mwaka mmoja zaidi. Liandike na hilo."

Limeandikwa.

Mama Sauti ameacha mume, binti, kijana, wajukuu watatu, na dada yake mkubwa. Dada ana haki ya hasira yake, na familia haimwombi aitupe leo. Inamwomba tu aigawe kwa wote wanaoistahili, marehemu mwenyewe akiwamo, halafu atoke kule nyuma alikosimama aje mbele, kwa maana kiti cha kando ya shemeji yake tumekiacha wazi tangu asubuhi. Mungu amlaze Mama Sauti kwa amani, na sisi aliotuachia maneno atupe nguvu ya kuyasema kwa wakati.