Kabari Hakuulizwa

Benchi liko mbele ya nyumba yangu na kahawa napika mimi, kwa hiyo mdomo ninao. Asubuhi ile tulikuwa wanne na jambo lilikuwa moja tu: mashine ya kupasulia magogo. Upepo wa Machi uliangusha miti ya mialoni katika msitu wa Spačva, tukagawiwa, mingine minene hadi inamfika mtu kifuani. Stipan, tunayemwita Kabari, amekipasulia kijiji hiki kuni kwa nyundo na kabari miaka thelathini na nane, ila sasa bega limemgomea. Asipopata mashine kabla ya baridi, kazi yake inahamia kwa wale wa kijiji cha pili, nao watatucheka hadi Pasaka. Muuzaji wa mashine wa mjini Vinkovci alitaka jibu saa nne. Kabari mwenyewe alikaa mwisho wa benchi akipuliza kahawa yake.

Alianza Marko, tunayemwita Tani kwa sababu kila kitu anakipima kwa tani.

TANI: Hamsini! Chini ya tani hamsini hiyo ni mashine ya kukatia jibini.

INJINIA: Acha ushamba. Siku hizi watu wanatumia parafujo. Koni nene ya chuma, unaifunga kwenye mkono wa katapila, inazunguka, inazama, gogo linaachia lenyewe.

Cheo cha Injinia tulimpa Tunja alipotengeneza kengele ya kanisa, ikalia siku mbili mfululizo.

TANI: Katapila unalo?

INJINIA: La shemeji yangu Mato.

MIMI: Si liko mtaroni tangu mwezi wa tano?

INJINIA: Ni zima kabisa. Linahitaji kutolewa tu.

TANI: Mimi natoa trekta langu. Tunafunga nyuma kabari ya haidroliki, inasukumwa na pampu ya trekta lenyewe.

KABARI: Mimi naona…

INJINIA: Subiri kidogo, Kabari, tunakuamulia jambo zito. Trekta lako, Tani, likisukuma litanyanyua magurudumu ya mbele, uonekane umepanda farasi.

TANI: Basi tani mia! Mvinyo wa Wafaransa unalala kwenye mapipa ya mwaloni wetu, halafu sisi tupasue kwa kimashine cha kuazima? Tutafute mia, Waustria waje na madaftari kujifunza.

INJINIA: Na mimi nafunga parafujo mbili kwenye mashine ya kuvunia ngano. Inaingia msituni upande huu, inatokea upande wa pili na kuni zimeshapangwa.

MIMI: Kwa urefu wa jiko la nani?

INJINIA: La kila mtu!

Hapo likasimama lori la magogo. Akashuka Janja, dereva mpya, mwezi wake wa kwanza kwetu. Nikammiminia kahawa. Akasikiliza parafujo, akasikiliza tani, akafuta mdomo.

JANJA: Samahani, wajomba. Anayepasua hapa ni nani?

Tukamwonyesha Kabari, sote watatu kwa pamoja.

JANJA: Na yeye anataka ipi?

Tani akaangalia kikombe chake. Injinia akaangalia barabara, ambako hakukuwa na kitu. Wiki tatu tumebishana bila kumuuliza. Niliona aibu, nasema kweli.

KABARI: Ya nyuma ya trekta. Tani thelathini zinatosha. Ila iwe na kamba ya kuvutia gogo, bega lisinyanyue, na ile mikono ya kuongozea iwe nje, nisimame karibu na mti. Kwenye katapila nitakaa ndani ya kioo kama samaki, nisione kitu.

TANI: Thelathini tu? Na gogo lenye fundo je?

KABARI: Nguvu italeta mashine. Pa kuanzia napajua mimi.

JANJA: Gogo langu hili hapa juu ya lori, mjomba, ungeanzia wapi?

Kabari akaenda hadi nyuma ya lori. Akainamisha kichwa, akaligusa lile gogo kwa vidole, halafu akaweka kiganja pembeni kabisa, mbali na katikati ambako mimi ningepiga.

KABARI: Hapa.

Tukainuka wote tukasogea. Nilipatazama pale kwa muda mrefu na sikuona chochote, mti tu, na kifua kilinijaa fahari kwamba mtu huyu ni jirani yangu.