Sista Kipimajoto na Milango Tisa

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba, muuguzi wetu anastaafu baada ya miaka 31 kwenye zahanati yenye kitanda kimoja. Mimi, fundi wa shule, nimekitia kitanda hicho mguu mpya mara saba. Shukrani nilizopata: sifuri. Tuendelee.

Walimu wanamwita Sista. Kwa wanafunzi ni Kipimajoto, maana akikugusa tu paji la uso anajua kama una homa au una mtihani wa hesabu. Hata walimu watatu amewahi kuwarudisha darasani.

Lakini kazi yake kubwa ilianzia kwenye daftari la wagonjwa. Miaka tisa iliyopita, msichana wa kidato cha pili alimnong'oneza rafiki yake kwamba anapenda wasichana. Kabla ya kengele ya kutoka, shule nzima ilishajua. Tangu hapo, kila Alhamisi, siku ya michezo, kichwa kilimuuma: Alhamisi kumi na nne mfululizo. Kulikuwa na mvulana pia, aliyesemwa anapenda wavulana; yeye tumbo, Alhamisi kumi na moja. Sista hakuwahoji. Aliwapa bandeji wakunje, akasikiliza, mpaka ikajulikana kwamba wenzao huwatimua kwenye vyumba vya kubadilishia nguo: "Toka huko, unatuchungulia!" Baba wa msichana alishaandika barua ya uhamisho. Angekuja kumchukua Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumatatu ya wiki hiyo, kikaoni, mwalimu wa nidhamu akauliza, "Sista, si uwape tu dawa ya maumivu?"

"Mwalimu wangu, dawa yao ni mbao na bawaba." Wote wakageuka kunitazama mimi!

Nikapiga hesabu: vibanda viwili vya kubadilishia nguo, kimoja kwa kila mmoja wao, vinatosha. Sista akakataa katakata, viwili vingekuwa kama kuwanyooshea kidole. Alitaka tisa, vitano kwa wasichana na vinne kwa wavulana, kila mtu ajifungie. Milango tisa, bawaba kumi na nane, siku tatu, vidole vyangu viwili vikavimba. Alivifunga kwa bandeji zilizokunjwa na wale wawili.

Alhamisi msichana akaingia mlango wa tatu, akatoka na jezi, akarusha mpira wa kikapu mara kumi na mbili, ukaingia mara moja tu. "Dada, kikapu kiko juu!" wakamtania. Akacheka nao. Ijumaa baba yake alirudi nyumbani peke yake, barua mfukoni. Kejeli hazikuisha zote, ila zahanati ilibaki wazi kila mapumziko kwa yeyote mwenye hamu ya kukunja bandeji.

Sista, ofisi itakupa saa ya ukutani. Mimi nimekutengenezea kabati la dawa lenye vilango tisa. Rangi amepaka yule msichana, ambaye leo ameketi mstari wa mbele na mpenzi wake, wameshikana mikono, na kichwa hakimuumi hata kidogo. Asante kwa yote. Kapumzike, ucheke, ulale mchana bila kugongewa mlango. Na bawaba zikilegea, unajua pa kunipata.