Adaku Nwogu Bisimwa, Aliyemngojea Mama Yake

Ndugu wa Aba mnaotutazama kwa simu, ndugu wa Bukavu, na nyinyi kina mama wa Sydney ambao watoto wenu wamesimama hapa na nguo alizowashonea: haya ndiyo maisha ya Adaku wetu kwa ufupi. Yeye angesema ni mafupi mno, yaongezewe pindo.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Februari 1986 mjini Aba, Nigeria, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Okezie Nwogu, fundi viatu, na Mama Nwanyieke, ambaye hadi leo hushona sare za shule sokoni. Alikulia chini ya meza ya cherehani. Mama anasema Adaku alijua kutunga uzi kwenye sindano kabla hajakubali kuvaa viatu, jambo lililomuudhi sana baba yake.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Aba, akamaliza mwaka 2003, kisha akasomea uhasibu Umuahia. Mwaka 2012 alikuja Sydney kuendelea na masomo hayo Parramatta, na cheti alikipata. Lakini hesabu aliziheshimu tu. Mapenzi yake yalikuwa kwenye vitambaa.

Alifanya kazi ya kutunza wazee Toongabbie, na siku za mapumziko alishona nguo za watoto kwenye gereji. Mwaka 2017 aliacha kazi ya wazee akafungua karakana ndogo Auburn, akaiita Adaku Kids. Kila nguo yake ilikuwa na pindo refu lililokunjwa ndani, mara nyingine mapindo mawili, ili mtoto akirefuka mama yake alifumue badala ya kununua nguo nyingine. Wenzake wa biashara walimwambia kwamba hivyo anajifukuzia wateja. Aliwajibu kwa Kiswahili alichojifunza kwa Wakongo wa kanisani: "Mutoto anakua, mama. Nguo nayo lazima ikue." Wateja hawakukimbia. Walirudi na ndugu zao.

Hata mume alimpata kwa pindo. Mwaka 2015 Clarisse, anayewasomea maneno haya, alimtuma kaka yake Rodrigue Bisimwa apeleke suruali ya mwanawe Trésor ikakatwe. Adaku alikataa katakata kuikata, akaikunja. Rodrigue alirudi na suruali nyingine, halafu nyingine, mpaka akawa anapeleka zisizo na kasoro yoyote, na Trésor akalalamika kwa Kiingereza chake kwamba mjomba anamwibia nguo. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 2016, wakahamia Minto. Baada ya kungoja sana, tarehe 6 Mei 2020 Mungu aliwapa binti, Chibalonza.

Majuto yetu yanaanzia hapo. Kwa watu wa Adaku, binti akijifungua, mama yake mzazi huja kukaa naye. Desturi hiyo wanaiita omugwo. Mama humkanda mwili kwa taulo na maji ya moto, humpikia supu ya pilipili, humsaidia kulea mtoto. Mama Nwanyieke alikuwa na tiketi ya Aprili. Mwezi Machi mipaka ikafungwa kwa sababu ya korona. Adaku alisema omugwo imeahirishwa tu. Sisi mawifi tulijitolea kumkanda, naye akatushukuru kwa adabu na kukataa. Hiyo ilikuwa kazi ya mama yake, na kila mwezi aliamini kwamba mwezi ujao mipaka itafunguliwa.

Mtoto alipokuwa bado mchanga, Adaku aliona uvimbe kwenye titi. Alikuwa ananyonyesha, na oda zilikuwa nyingi, kwani watoto waliendelea kukua hata maduka yalipofungwa. Alipoambiwa aende kwa daktari, alijibu: "Wifi, ni maziwa tu yameganda. Border itafunguka, Mama atanikanda, yataisha." Basi hata uvimbe alimwekea mama yake. Inauma kulisema hili mbele ya Mama, aliyeketi nasi hapa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwenye simu hakumwambia lolote, asije akahangaika. Mama anasema angeambiwa, angemfukuza aende hospitali siku ile ile.

Alikwenda Januari 2021. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshasambaa. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa moyo, nasi tunawashukuru. Mwezi Juni mji ulipofungwa tena, wengi wetu tulimwona dirishani tu, akiwa na sindano mkononi, akituonyesha gauni la Chibalonza. Alifariki nyumbani Minto, Alhamisi tarehe 21 Oktoba 2021, mkono wake ukiwa katika mkono wa Rodrigue. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Mipaka ilifunguliwa tarehe mosi Novemba.

Mama Nwanyieke alitua Sydney Jumamosi iliyopita, tarehe 6. Viungo vya supu vilichukuliwa uwanja wa ndege, taulo wakamwachia. Juzi, kabla Adaku hajavishwa, aliomba maji ya moto. Wahudumu wa chumba cha maiti walisita, kisha wakaleta. Sisi mawifi tulisimama kando, hatukugusa. Alimkanda mabega, mgongo na tumbo, polepole, kama anavyokandwa mzazi. Alipofika kwenye titi aliweka kiganja chake juu, akanena kwa Kiigbo. Tulipomuuliza amesema nini, alitujibu: "Nimemwambia, mkono wangu ungeujua uvimbe huo."

Marehemu ameacha mume, Rodrigue, binti, Chibalonza, mama mzazi, kaka na dada huko Aba, mawifi zake Clarisse na Bénie, na Trésor, ambaye leo amevaa suruali ndefu ya mwisho aliyokunjiwa. Chibalonza amevaa lile gauni la dirishani. Lina mapindo mawili, na Mama ameomba asiyafumue mtu mwingine. Anabaki nasi Minto. Anasema alikuja kwa omugwo, na mtoto yupo.

Lala salama, wifi yetu. Mama amefika.