Maisha ya Fundi Taa, na Tuhuma Aliyoagiza Ifutwe

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa marehemu mliokusanyika hapa, familia inawasomea maisha ya baba yetu kama alivyoyasimulia mwenyewe kwa binti yake mkubwa akiwa kitandani wodini, akataka asomewe mara mbili ili ahakikishe hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, kwa maana alikuwa akisema kwamba historia za marehemu hupakwa mafuta kama gari la kuuza, zikang'aa siku ya mazishi na mvua ya kwanza ikaziumbua.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Taa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mlinzi wa ghala hilo na mkewe aliyekuwa akiuza mkaa. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakuwahi kupokea kikombe cha uji bila kuchungulia kwanza kikombe cha nduguye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza mwaka 1973, kisha akasoma sekondari miaka miwili, akaiacha mwaka 1975 baba yake alipougua. Mwalimu wake wa hesabu aliandika katika ripoti ya mwisho kwamba kijana ana akili, ila hukubali jibu la kitabu baada tu ya kulikokotoa mwenyewe, na marehemu aliitunza ripoti hiyo maisha yake yote kama cheti.

Mwaka 1977 aliajiriwa katika gereji ya kupaka rangi magari, kazi yake ikiwa kusugua mabodi kwa msasa na maji, na mwaka 1984 akakabidhiwa mashine ya polishi, chombo ambacho hakukiachia tena mpaka mapafu yalipomwachisha. Yalipoanza kuja magari yenye klia ngumu, lile tabaka lisilo na rangi linalopakwa juu ya rangi kuilinda, mafundi wengi walishindwa kuondoa mikwaruzo yake ya mviringo, ile inayoonekana juani kama utando wa buibui, wakawa wanaifukia kwa mafuta na nta, mteja akaondoka anacheka na kurudi amenuna. Yeye alikataa njia hiyo. Alikuwa akichagua sehemu moja ya boneti isiyozidi viganja viwili, akaijaribu kwanza kwa sponji laini na dawa nyepesi, ikigoma akapanda hadi pedi ya sufu na dawa kali, akiitembeza mashine polepole, kwa urefu kisha kwa upana, akigusa bati kwa mgongo wa mkono kusikia joto, halafu akirudia kwa sponji ili kuondoa ukungu ulioachwa na sufu. Akishamaliza hakuusifu mng'ao, bali aliufuta kwa spiriti, kwa sababu spiriti huondoa mafuta yanayoficha, akawasha taa yake ya mkononi na kuinama, na hapo ndipo jina lake lilipotoka.

Tarehe 17 Agosti 1985 alifunga ndoa na mama yetu, mjane aliyeketi mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto wanne, wa kike watatu na wa kiume mmoja, waliozaliwa mwaka 1986, 1989, 1993 na 1998. Kwa ndoa hiyo alipata pia shemeji, mdogo wake mama, mwosha magari anayeitwa Povu, na tarehe 2 Februari 1996 wawili hao walifungua kibanda kimoja chenye nafasi ya magari mawili, Povu akiosha upande wa bomba, Fundi Taa akipolishi upande wa kivuli, na kwa miaka kumi na saba hawakuhitaji mkataba zaidi ya kupokezana chupa ya chai.

Hata hivyo, shaka haikumwacha. Mapema mwaka 2013 aliingiwa na wazo kwamba vitambaa vya shemeji yake vya kukaushia vina mchanga, akaamua kwamba kila mteja anayepolishiwa gari apewe kitambaa chake, na gari hilo lisikaushwe kwa kingine popote litakapooshwa. Kisha akahofia kwamba Povu atavibadilisha, akamwagiza mama atie alama kwenye pembe ya kila kitambaa kwa uzi mwekundu wa nailoni, na mama akashona vitambaa sitini, akichoma kila ncha ya uzi kwa kiberiti ili isifumuke.

Miezi ilivyopita magari yakaanza kurudi. Yalikuwa yametoka kibandani safi mbele ya taa, na sasa yalikuwa na utando uleule, na yote yalikuwa yakioshwa na Povu. Fundi Taa alihesabu, akaandika namba za magari kwenye karatasi ya kalenda, akawa anajifanya anapumzika huku akitazama mikono ya shemeji yake. Tarehe 21 Septemba 2013, mbele ya watu tisa, alimwambia kwamba anakwaruza magari makusudi ili kumharibia jina.

Povu alimjibu, "Shemeji, ndoo zangu ni mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza. Njoo uingize mkono."

"Ndoo haikwaruzi," marehemu akasema. "Mkono ndio unaokwaruza."

"Basi tafuta mkono mwingine."

Siku hiyohiyo Povu alibeba ndoo zake, akahamia ng'ambo ya mji, na marehemu akaziba upande wa bomba kwa mabati. Kila gari lililorudi na utando baada ya hapo, alisema limepitia kwa Povu kwa siri. Habari zilimfuata Povu huko, wateja wenye magari mapya wakawa wanampita, na kwa miaka saba na zaidi hakukanyaga nyumbani kwa dada yake, hata mama alipofanyiwa upasuaji mwaka 2017, alimsalimu kupitia dirisha la hospitali baada ya mumewe kuondoka.

Tarehe 5 Machi 2021 binti wa tatu alikuja nyumbani na gari lake jeusi, ambalo baba alikuwa amelipolishi mwezi mmoja kabla. Kabla ya kumjibu shikamoo alikwishaliinamia na taa, na akaona utando.

"Umelipitisha kwa mjomba wako?"

"Baba, mjomba yuko ng'ambo ya mji. Nimeliosha mwenyewe, hapa uani."

"Umelikaushia nini?"

"Kitambaa chako. Si ulisema kingine ni haramu?"

Hakumwamini binti yake. Alilipolishi upya boneti lote, akabandika utepe katikati, akaosha mwenyewe kwa maji aliyoyachuja mwenyewe, akakausha upande mmoja kwa kitambaa chenye alama na upande wa pili kwa kitambaa cha aina ileile ambacho hakijashonwa alama, akarudia mara kumi, akabandua utepe. Upande wa kitambaa kisicho na alama ulikuwa safi. Upande wa pili ulikuwa umekwaruzika, na alipopapasa pembe ya kitambaa kwa ulimi, maana vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa mashine, aliisikia ile ncha ya nailoni iliyoyeyuka na kukauka, ngumu kama punje ya kioo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kulaumiwa. Marehemu alimwambia tu, "Ulishona nilichokuagiza," akakaa juu ya ndoo, na chakula cha mchana hakukigusa.

Tarehe 14 Machi 2021 alikwenda kwa Povu peke yake, akamweleza yote. Povu alimsikiliza hadi mwisho huku akiendelea kusuuza tairi.

"Shemeji, ulinisema mbele ya watu tisa, na watu tisa wakazaa mia. Leo umekuja kuninong'oneza?"

"Nitasema mbele ya watu."

"Siku ukisema, nitakuja kwako. Kabla ya hapo tusalimiane tu njiani."

Hapa ndipo marehemu alipomkataza binti yake mkubwa, aliyekuwa akiandika, kupaka mafuta. Alikuwa na afya, alikuwa na sauti, na alikuwa na nafasi, ila hakusema. Alihofia kwamba wateja wakijua kitambaa chake ndicho kilichokwaruza magari yao, hakuna atakayeiamini taa yake tena. Julai mwaka huohuo, katika harusi ya mwanawe, alipewa kipaza sauti mbele ya watu mia mbili, akamtazama mama, akamshukuru mpishi na kuzungumzia mvua, akaketi.

Novemba 2021 alianza kukohoa, na tarehe 3 Februari 2022 alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Daktari alipomwambia anaendelea vizuri alimuuliza, "Dokta, hiyo ni nafuu au ni nta?" na daktari, kwa heshima, akamwambia ukweli. Kuanzia siku hiyo alianza kusimulia maneno haya, akalala usingizi wa mwisho tarehe 26 Aprili 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, hasa yule aliyekubali kuulizwa swali moja mara tatu kila siku, inawashukuru majirani waliotuazima viti na sufuria, mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo, na wateja wote.

Na kwa wateja, marehemu anasema hivi, na ni maneno yake: "Povu hakukwaruza gari la mtu yeyote. Mikwaruzo ilitokana na kitambaa changu, na kitambaa kilitokana na shaka yangu. Nililijua hilo kwa zaidi ya mwaka nikanyamaza. Mwenye kitambaa chenye uzi mwekundu akichome, na mwenye gari la kuosha ampelekee Povu."

Mjomba, tunakuona umesimama pale getini tangu asubuhi, na hatukuja kukuita kwa sababu tulijua unasubiri nini. Yamesemwa, kwa kuchelewa, na kwa mdomo usio wake, na kama hayatoshi hatuna la kukulaumu. Dada yako anaomba tuseme kwamba kiti kilicho mkono wake wa kulia amekizuia kila mtu asikikalie.

Nawe baba, weka taa chini, upumzike kwa amani, sisi tunamsubiri mjomba afike kitini ndipo tukuinue.